Katibu huyu ni mwanasiasa au mtumishi? Namna wizara za serikali ya shirikisho zinavyopangwa

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mratibu wa mikutano katika taasisi moja hapa Dar es Salaam, ofisi zetu zipo Upanga. Mwezi ujao tunapokea ujumbe kutoka Ujerumani, na tumealika maofisa wa wizara mbili za kwetu. Orodha ya wageni imekuja kwa Kijerumani. Kuna mama mmoja ameandikwa Parlamentarische Staatssekretärin, bwana mmoja Staatssekretär, halafu Ministerialdirektor, Ministerialdirigentin na Referatsleiter, na wa mwisho ni Staatsrat kutoka Hamburg. Programu ya kutafsiri kwenye simu imenipa "Katibu wa Bunge wa Jimbo", "Katibu wa Jimbo" na "Mshauri wa Jimbo". Barua yenyewe ina anwani ya Bonn, ilhali wageni wanasema wanatoka Berlin. Bosi wangu anataka mpangilio wa viti na majina ya kusomwa na mshereheshaji. Nani akae na nani? Na inakuwaje wizara moja iwe na makatibu wawili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu kosa ambalo simu yako imetaka kukuingiza nililifanya mwenyewe nikiwa afisa utawala kijana, enzi zile wizara zote zikiwa bado hapa Dar. Ofisi siitaji. Walikuja wageni wa aina hiihii. Nikaona neno "katibu" kwa wote wawili, nikadhani aliyetajwa pamoja na Bunge ni mtendaji wa Bunge, kama Katibu wa Bunge wa kwetu, basi nikampeleka kwa Katibu Mkuu. Yule mwingine nikamkalisha na Naibu Waziri.

Naibu Waziri wetu alikaa saa nzima akimuuliza mgeni wake chama chao kinaonaje hili na upinzani unasemaje lile. Mgeni alikuwa mtumishi wa serikali aliyekulia kwenye majalada, kila swali la siasa akalijibu kwa upole kwamba si lake kulisema. Chumba cha pili, Katibu Mkuu alikuwa amejiandaa kwa mambo ya utekelezaji, yaani ratiba, masharti ya ununuzi na nani ataleta mafundi. Mbele yake alikuwa amekaa mbunge aliyetaka kujua wananchi wetu wanaupokeaje mradi. Hakuna aliyelalamika, wote watu wa heshima. Lakini jioni tulipokaa kuandika muhtasari hatukuwa na cha kuandika. Kazi ya siku moja ikaja kufanywa kwa barua, miezi kadhaa. Aibu ile sijaisahau, na ndiyo iliyonifundisha kwamba cheo cha serikali ya watu hakitafsiriwi kwa kufuata neno. Kwanza jua kiti kinafanya kazi gani, kisha ndiyo utafute jina la Kiswahili.

Tuanze na nyumbani, maana ndipo unapopafahamu. Wizara ya Tanzania ina vichwa vya aina mbili. Kuna kichwa cha siasa, yaani Waziri, na wakati mwingine Naibu Waziri mmoja au zaidi. Hawa, kwa ibara ya 55 ya Katiba yetu ya 1977, huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge. Naibu Waziri anajibu maswali bungeni na kumshikia Waziri nafasi, ila si mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Kisha kuna kichwa cha utumishi, Katibu Mkuu. Huyu si mbunge. Ndiye Afisa Masuuli, mwenye kubeba dhamana ya kila shilingi ya fungu la wizara, na Kamati ya Hesabu za Serikali ikiwa na swali juu ya taarifa ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, humwita yeye kwenye kiti cha moto. Chini yake wapo wakurugenzi wa idara, wakurugenzi wasaidizi wenye sehemu zao, na wakuu wa vitengo kama ukaguzi wa ndani, ununuzi na sheria. Juu ya makatibu wakuu wote yupo Katibu Mkuu Kiongozi.

Ujerumani nao wana vichwa hivyohivyo viwili. Kinachotuchanganya ni kwamba wameviita vyote kwa jina moja, Staatssekretär.

Wa kwanza ni Staatssekretär wa kawaida, asiye na neno lingine mbele. Huyu ni mtumishi wa umma wa ngazi ya juu kabisa katika wizara, daraja lake la mshahara linaitwa B11, na wakurugenzi wote wanaripoti kwake. Mwenzake hapa ni Katibu Mkuu. Wizara nyingi kule huwa na wawili au zaidi, kila mmoja akisimamia kundi lake la idara, kwa hiyo usishtuke ukikuta majina mawili. Tahadhari moja tu: usimwite Afisa Masuuli. Utaratibu huo tuliurithi kwa Waingereza. Kule kila wizara ina mtu maalumu anayeshughulikia bajeti, na Waziri wa Fedha ana nguvu aliyopewa na Katiba yao, ibara ya 112: matumizi ya kuzidi bajeti au nje ya bajeti hayapiti bila ridhaa yake.

Wa pili ndiye mwenye neno la Bunge mbele ya cheo chake. Nafasi hii ni changa kiasi. Ilianzishwa mwaka 1967, wakati wa serikali ya muungano wa vyama viwili vikubwa chini ya Kansela, yaani mkuu wa serikali yao, Kurt Georg Kiesinger, ili mawaziri wapate wabunge wa kuwasaidia mzigo wa siasa. Mwenye nafasi hii lazima awe mbunge wa Bundestag, bunge lao la taifa, isipokuwa katika Ofisi ya Kansela ambako sharti hilo lililegezwa baadaye. Anamwakilisha waziri bungeni, anajibu maswali, anakutana na wapiga kura na vyama vya wafanyabiashara. Wakurugenzi si watu wake kwa kawaida. Sasa niambie, huyo ni nani kwa lugha yetu? Ni Naibu Waziri. Mshereheshaji wako amwite "Mheshimiwa Naibu Waziri, Mbunge", na hatakuwa amemzidishia wala kumpunguzia. Ile "-in" mwishoni mwa cheo chake inaonyesha tu kwamba ni mwanamke, isikutie shaka.

Ona jinsi simu ilivyokupotosha. Neno la Kijerumani lenye maana ya dola ililifanya "jimbo", na neno la kibunge ikalifanya "wa Bunge". Ukisoma "Katibu wa Bunge wa Jimbo" mbele ya ukumbi wa Watanzania, kila mtu atadhani mgeni ni mtendaji mkuu wa bunge fulani la mkoani. Naye ni mwanasiasa wa taifa zima, aliyepita kwenye sanduku la kura.

Kuna mtego mwingine hauko kwenye orodha yako, lakini nakuwekea akiba. Katika Wizara yao ya Mambo ya Nje na katika Ofisi ya Kansela, manaibu hao wa kisiasa hupewa jina la Staatsminister. Ukiliona unaweza kudhani ni waziri kamili. Siye, ni naibu. Lakini akija mtu mwenye jina hilohilo kutoka serikali ya Bavaria, huyo ni waziri kamili wa jimbo lake. Ndiyo maana kabla ya kutafsiri nauliza kwanza, serikali ipi?

Swali la kwa nini mtumishi na mwanasiasa watengwe hivyo linanigusa zaidi, maana hapo ndipo unapoona nchi inavyomtazama mtumishi wake. Sisi tunajua habari ya uteuzi kutenguliwa. Taarifa inatoka Ikulu jioni, Katibu Mkuu anasoma jina lake kwenye simu kama mwananchi mwingine yeyote, na mwishoni pameandikwa "atapangiwa kazi nyingine". Wajerumani nao wanakubali kwamba waziri hawezi kufanya kazi na mtu asiyemwamini. Staatssekretär na wale wakurugenzi wakuu wa idara wanahesabiwa katika kundi la watumishi wanaoitwa wa kisiasa, na wanaweza kuondolewa wakati wowote bila kupewa sababu. Ila sheria imeweka bayana kinachofuata: anapelekwa kwenye kile kinachoitwa ustaafu wa muda, na mafao yake yamepangwa. Haachwi akining'inia. Walio chini ya ngazi hizo mbili hawaguswi na mabadiliko ya waziri, na kumbukumbu ya wizara inabaki kwao. Mimi naona utaratibu ule una hekima, kwa sababu mtumishi anayejua kwamba akitoka hatapotea hupata ujasiri wa kumwambia waziri "hapana, hili haliwezekani" wakati bado linazuilika.

Tushuke ngazi. Idara yao inaitwa Abteilung, na mkuu wake, akiwa Ministerialdirektor, yupo daraja B9. Kwa mahali anapokaa, yaani moja kwa moja chini ya katibu, huyo ni Mkurugenzi wetu, ingawa idara zao huwa kubwa kuliko zetu. Chini yake kuna ngazi ambayo sisi hatuna, idara ndogo ndani ya idara, na Ministerialdirigentin wako anatoka hapo. Hana mwenzake kamili kwetu. Mkalishe baada ya Mkurugenzi na kabla ya Mkurugenzi Msaidizi, hutakosea. Halafu ndipo tunafika kwenye Referat, ambayo ni sehemu, yenye watu wachache tu. Mkuu wake ni Referatsleiter. Cheo chake cha mshahara huwa mara nyingi Ministerialrat, neno ambalo ukilivunja vipandevipande utapata "mshauri wa wizara". Usilivunje. Hamshauri mtu yeyote kwa maana yetu ya mshauri wa waziri. Ni jina la daraja tu.

Nataka uione ile karatasi inavyopanda, maana ndani yake ndimo wizara yote ilimo. Kwetu afisa anaandika dokezo sabili, anaeleza jambo, anaweka pendekezo, anasaini. Linaingia kwenye jalada, mhudumu wa masijala analipeleka kwa Mkurugenzi Msaidizi, naye anaongeza mstari, linakwenda kwa Mkurugenzi, kisha "KM, naomba ridhaa yako", na kama ni la sera, Katibu Mkuu anaandika kwa Mheshimiwa Waziri. Likirudi, kila aliyeligusa ameacha alama yake, na ukisoma kutoka folio ya kwanza unajua nani alisema nini siku gani. Siku hizi sehemu kubwa inapita kwenye mfumo wa kompyuta, lakini mwendo ni uleule. Kule nako waraka unaanzia kwenye Referat, na wamekwenda mbali hadi kupangiana rangi za kalamu katika kanuni ya pamoja ya wizara zote: kijani ni ya waziri peke yake, nyekundu ni ya katibu, buluu ni ya mkuu wa idara. Afisa mdogo akiona mkwaruzo wa kijani pembeni mwa karatasi yake, hata kama ni neno moja, anajua limefika juu kabisa na limesomwa. Mtu akikosea kalamu, ni sawa na afisa wetu kusaini mahali pa Katibu Mkuu.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini Referatsleiter, wa chini kabisa kati ya wale wa wizara kwenye orodha yako, ndiye anayelijua jambo lenu kuliko wote waliomtangulia.

Sasa wizara zenyewe zinahusianaje? Ibara ya 65 ya Katiba yao ya mwaka 1949 inasema mambo matatu yanayovutana, na mvutano huo ndio unaoendesha serikali. Kansela anaweka mwelekeo wa jumla wa sera. Ndani ya mwelekeo huo, kila waziri anaiendesha wizara yake mwenyewe na kwa dhamana yake mwenyewe. Mawaziri wakigongana, baraza zima ndilo linaloamua. Kwa hiyo Kansela hawezi kumpigia simu mkurugenzi wa wizara fulani na kumwamuru afanye hivi au vile. Anachofanya ni kuwa na ofisi yake yenye vijisehemu vinavyofuatilia kila wizara, sehemu moja kwa wizara hii, nyingine kwa wizara ile, wenyewe wanaviita sehemu za kioo, kile cha kujitazamia. Jumatatu makatibu wa kiutumishi hukutana, mwenyekiti wao akiwa mkuu wa Ofisi ya Kansela, kusafisha ajenda. Jumatano baraza linakaa. Mambo mengi huwa yameshamalizika Jumatatu. Ukikumbuka kwamba kwetu nako waraka wa Baraza la Mawaziri unapita kwanza kwenye kamati ya makatibu wakuu, utaona kuwa nchi hizi mbili zinafanana kuliko majina yanavyoonyesha.

Waziri wa kule, kwa njia, halazimiki kuwa mbunge. Katika baraza lililoapishwa Mei 2025 chini ya Kansela Friedrich Merz, iliundwa wizara mpya ya mambo ya dijitali, na waziri wake, Karsten Wildberger, alitoka moja kwa moja kwenye biashara. Katika mabadiliko hayohayo elimu ilitolewa kwenye wizara ya utafiti ikapelekwa kwenye wizara ya familia. Hayo yote hufanywa kwa agizo la Kansela, kama ambavyo Rais wetu huunganisha na kutenganisha wizara. Kwa hiyo jina la wizara ulilolikuta kwenye barua ya mwaka juzi usilinakili bila kuangalia kama bado lipo.

Nimesema elimu, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu neno "shirikisho" ndilo lenye uzito katika suala hili lote. Wizara ya elimu ya shirikisho haina shule hata moja. Ujerumani ina majimbo 16, na hapa simaanishi majimbo ya uchaguzi kama Kawe au Segerea. Kila moja ni nchi ndogo yenye katiba yake, bunge lake, mawaziri wake na makatibu wake. Shule ni mali ya majimbo, na polisi wengi unaowaona barabarani ni wa jimbo. Hata ofisi ya kodi ya mtaani ni ya jimbo, wakati forodha ni ya shirikisho. Ibara ya 83 inasema majimbo ndiyo yanayotekeleza sheria za shirikisho, na yanazitekeleza kama jambo lao wenyewe. Matokeo yake, wizara nyingi za Berlin ni ofisi za kuandika sheria na kugawa fedha, hazina mkono unaofika kijijini. Huwezi kumwagiza mkuu wa wilaya kutoka wizarani.

Mtanzania ana kipimo kizuri cha kuelewa jambo hili, kuliko Mfaransa au Mwingereza. Sisi si shirikisho. Tume ya Nyalali mwanzoni mwa miaka ya 1990 na rasimu ya Tume ya Warioba zilipendekeza tuwe na serikali tatu kwa mfumo huo, na bado tuna mbili. Lakini tunajua vizuri kwamba kuna Mambo ya Muungano, yaliyoorodheshwa mwishoni mwa Katiba, na yasiyo ya Muungano. Waziri wa Mambo ya Nje ni wa Jamhuri yote. Waziri wa Afya wa Serikali ya Muungano akivuka bahari hadi Unguja anafika kama mgeni, kwa sababu Zanzibar ina wizara yake ya afya, waziri wake na katibu mkuu wake. Chukua hali hiyo ya Zanzibar, ifanye kuwa ya kila mkoa, na ongeza kwamba mikoa yote inapeleka wajumbe kwenye baraza la pili linaloweza kuzuia sheria. Hilo ndilo Bundesrat, lenye kura 69, kila jimbo likiwa na kura kati ya 3 na 6 kulingana na watu wake.

Ndiyo maana Staatsrat wako wa Hamburg hana uhusiano wowote na wizara ya wale wengine. Hamburg ni jiji, na papo hapo ni jimbo kamili. Meya wake wa Kwanza ana hadhi ya kiongozi wa serikali ya jimbo. Mawaziri wake wanaitwa maseneta, na usiwafananishe na maseneta wa Washington, kwa sababu wale wa Washington wanatunga sheria na hawa wanaendesha idara za serikali. Chini ya kila seneta kuna Staatsrat, naye ndiye Katibu Mkuu wa serikali ya jimbo. "Mshauri wa Jimbo" ya simu yako ifute kabisa. Hamburg na Dar es Salaam ni majiji dada tangu 2010, kwa hiyo huenda huyu hakuja kwa msafara wa serikali ya shirikisho hata kidogo, amekuja kwa udugu wa majiji. Kwenye meza muweke upande wa watendaji, na mwenyeji wake akiwezekana awe mtu wa Jiji au wa mkoa. Hakikisha mshereheshaji anataja "kutoka Serikali ya Hamburg", maana wenzake nao hawatapenda achanganywe nao.

Kuhusu Bonn, barua yako si ya matapeli kwa sababu hiyo. Tarehe 20 Juni 1991 Bundestag ilipiga kura kuhamia Berlin, 338 dhidi ya 320, tofauti ndogo sana kwa uamuzi mkubwa hivyo. Ili Bonn isife, sheria ya mwaka 1994 ikaacha baadhi ya wizara zikiwa na makao makuu kulekule na ofisi ya pili Berlin. Ulinzi, afya, mazingira, na ile ya ushirikiano wa maendeleo ni miongoni mwake. Bunge lenyewe lilihamia Berlin mwaka 1999. Waziri na wanasiasa wake huonekana zaidi Berlin, wakati maofisa wengi wa wizara ya maendeleo wako Bonn. Sisi tulioamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, tukaja kuitungia sheria ya makao makuu mwaka 2018, tunajua maana ya jalada kuwa mji mmoja na mtu wa kulisaini kuwa mji mwingine. Nimesafirisha majalada ya namna hiyo kwa basi la usiku, nikiyakumbatia mapajani.

Na kama barua ina nembo ya GIZ au benki ya KfW, hiyo si wizara. GIZ ni kampuni ya serikali inayotekeleza miradi, KfW ni benki ya umma yenye makao Frankfurt. Wizara ndiyo inayoamua na kutoa fedha. Mkurugenzi wa GIZ hapa Dar ni mtu muhimu sana kwa mradi wenu, lakini usimkalishe kwenye kiti cha serikali.

Nchi nyingine za shirikisho nazipitia haraka, kwa siku ukipata wageni wengine. Marekani, anayeitwa Katibu wa idara kuu ndiye waziri mwenyewe, hashiki kiti mpaka athibitishwe na Seneti, na Katiba inamkataza kuwa mbunge wakati huohuo. Walio chini yake kwa ngazi tatu au nne nao huwa ni wateule wa kisiasa, kwa hiyo utamtafuta mwenzake Katibu Mkuu na hutampata. Kanada wana mtego mbaya kuliko yote: cheo ambacho neno kwa neno ni "Naibu Waziri" kule ni cha mtumishi wa umma, Katibu Mkuu halisi. Nijeria wana mawaziri wa shirikisho na makatibu wakuu wanaofanana na wetu kwa urithi wa Mwingereza, ila Katiba yao ya 1999 inamlazimisha Rais kuteua angalau waziri mmoja kutoka kila moja ya majimbo 36, na mbunge akiteuliwa waziri anaacha ubunge. Jirani zetu Kenya si shirikisho, lakini tangu Katiba ya 2010 wanaoitwa makatibu wa baraza ndio mawaziri, na hawaruhusiwi kuwa wabunge. Redio zao huwaita "waziri" moja kwa moja, na zinafanya vyema.

Turudi kwenye ukumbi wako. Meza kuu, Mheshimiwa Naibu Waziri wetu akae na yule mama mbunge. Kando yao Katibu Mkuu wetu na Staatssekretär, na hawa wawili wapangie pia chumba kidogo cha saa moja peke yao baada ya hotuba, maana mambo ya kutekelezwa yatazungumzwa humo. Mshereheshaji amtangulize mwanasiasa, hata kama mtumishi ana umri mkubwa na amekaa wizarani miaka thelathini. Neno "Mheshimiwa" liwe la wanasiasa. Kwa watumishi tumia Bwana, Bibi, Daktari au Profesa kama ilivyo kwenye orodha, na Wajerumani wengi wa ngazi hizo wana udaktari wa falsafa au wa sheria, usiuache. Mstari wa mbele chini ya meza kuu, Ministerialdirektor na Mkurugenzi wetu, kisha Ministerialdirigentin, halafu wakurugenzi wasaidizi.

Referatsleiter usimpeleke nyuma kwenye viti vya plastiki pamoja na madereva, jambo nililoliona likifanyika. Mpe kiti chenye meza, karibu na afisa wetu atakayeandika muhtasari, na wapeane namba za simu kabla ya chai.